Kisiki cha Samaki Wawili

Baada ya arobaini ya mume wangu, ukoo ulikaa kikao sebuleni kwangu, hapa Ipagala, kugawa vitu vyake. Makoti yalikwenda kwa kaka yake mkubwa, ingawa yanamfika magotini. Baiskeli ilikwenda kwa mpwa wake. Redio ilizua mjadala mrefu kuliko ibada ya mazishi. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, kanga begani, macho chini, kama mjane anavyotakiwa kukaa. Mjane akiongea sana wanasema hana uchungu, na akinyamaza sana wanasema anaficha kitu. Nilichagua kunyamaza, maana ndiyo tabia yangu hata siku za kawaida. Hakuna aliyeniuliza neno mpaka walipofika kwenye tangi la samaki.

Tangi lenyewe ni la kioo, refu kuliko mikono yangu miwili nikiinyoosha, na ndani yake wanaishi samaki wawili wa rangi ya dhahabu. Wao ni wahamiaji. Wizara zilipohamia Dodoma wakubwa walikuja na mazulia, makabati na mbwa wa Kizungu, na mkubwa mmoja, ambaye mume wangu alikuwa dereva wake, alikuja na samaki. Alipohamishwa tena aligundua kwamba mbwa anaingia kwenye gari lakini tangi la maji haliingii. Akamwachia dereva. "Watunze," alimwambia, kwa ile sauti ya kiofisi ya kumkabidhi mtu kazi isiyo na bajeti.

Mume wangu aliwatunza. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake ndipo awawekee, kwa sababu dawa ya maji ingewaunguza. Umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazima, alikaa pale akichota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ili wapate pumzi. Alipoumwa na kushindwa kulala chumbani, tulihamishia kitanda sebuleni, naye akawa anawatazama kutwa nzima. Hakusema maneno makubwa juu yao. Kuna siku alisema tu, "Hawa wanateseka. Hawana hata pa kujificha wageni wakija." Wakati ule wageni walikuwa wengi, na yeye mwenyewe hakuwa na pa kujificha.

Basi kikao kilipofika kwenye tangi, wifi yangu akanyoosha mkono. Wifi anauza maandazi kule Nkuhungu, na bwana afya alikuwa amemsumbua kwa sababu anayaweka wazi kwenye beseni, vumbi la Dodoma linatua juu yake kama sukari ya unga.

"Mimi naomba hilo kabati," alisema.

"Si kabati, wifi. Ni tangi la samaki."

"Ukitoa maji ni kabati."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka chini ya kanga, kwa kuwa alisema kweli.

"Na samaki je?" aliuliza shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Mvumi kuongoza kikao.

"Wataliwa," alisema mjomba mmoja, akainama kuwapima kwa macho. "Ila hata mboga ya mtu mmoja hawafiki."

Hapo nikafungua mdomo. Nilisema naomba samaki wabaki. Sikusema zaidi, na sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilishangaza watu kama mbuzi ameomba kuhesabiwa kwenye kikao. Shemeji alishika ndevu zake, akakohoa, akatoa hukumu. Siku ya kujengea kaburi ukoo ungerudi. Samaki wakikutwa hai na wazima, tangi litakuwa langu. Wakiwa wamekufa, tangi ni la wifi. Wazee waliitikia kwamba hiyo ni hekima. Mimi niliona tu kwamba makoti hayakupewa sharti lolote.

Tatizo ni kwamba mmoja wa samaki alikuwa ameanza kuumwa. Alikuwa na mkia uliochanika chanika, akilala chini kwenye kokoto karibu na daraja la plastiki ambalo mkubwa alikuja nalo. Lile daraja lina kingo kali, na kila alipopita chini yake alijikwangua. Nililitoa siku ileile. Tangi likabaki tupu kama uwanja wa mpira, samaki wawili katikati wakitazamwa na kila anayeingia kutoa pole.

Mume wangu alikuwa ameshaandaa dawa ya hilo kwa upande wake. Siku moja tukirudi kutoka hospitali ya Mvumi alimwomba dereva asimame kwenye korongo. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimesomba miti kutoka juu na kuiacha kwenye mchanga, imekauka, imechujwa na jua mpaka ikawa nyeupe kama mfupa. Alichagua kisiki kimoja chenye mizizi iliyopindana kama vidole vya mtu anayewaza. Hakuweza kukiinua. Nilikibeba mimi kichwani mpaka kwenye gari. "Hiki kitakaa vizuri mle ndani," alisema. Kikafika nyumbani na kukaa nyuma ya jiko, kuku wakakilalia, naye hakupata nguvu ya kukigusa tena.

Nikakichukua. Kuni nazijua tangu utoto. Mti nikiushika najua kama umeoza moyoni au la. Hiki kilikuwa kigumu. Nilibandua magome yaliyobaki kwa kisu, nikachokonoa sehemu laini mpaka nikafika kwenye mti mzima, nikasugua kwa brashi ya nguo. Nilikuwa nimeshika sabuni wakati binti yangu, anayesoma chuo kikuu hapa hapa Dodoma, aliponipigia, nikamwambia ninachofanya.

"Mama, please, usitumie sabuni! Inaingia kwenye mti, halafu inawaua."

"Sasa kitatakataje?"

"Kichemshe. Tena na tena, mpaka kiache kutoa rangi."

"Rangi gani?"

"Ile inayofanya chai iwe chai, mama. Miti yote inayo. Na kikichemka kinakuwa kizito, hakielei."

Kuchemsha kisiki si kama kuchemsha muhogo. Hakikuingia kwenye sufuria yangu yoyote. Nilichokuwa nacho ni sufuria kubwa ya jumuiya yetu ya kanisa, ile iliyopikiwa wali wa msiba, ambayo ilikuwa bado uani kwangu ikisubiri kurudishwa. Nikaiinjika juu ya mafiga, nikajaza maji, nikakizamisha kisiki na kukiwekea jiwe juu. Maji yakachemka, yakawa mekundu, halafu ya kahawia, halafu meusi kama ya mkaa. Nikayamwaga chini ya mpapai, nikaweka mengine.

Nilikuwa hapo, nikichochea moto, wanawake wa jumuiya walipopiga hodi. Walikuja watatu, mwenyekiti wao mbele.

"Pole, mama. Tumekuja kukusalimia. Na sufuria."

"Karibuni. Sufuria ina kazi kidogo."

Mwenyekiti alifunua mfuniko. Mvuke ukampiga usoni. Kisiki kilikuwa kimenyoosha mizizi yake juu ya maji meusi, kikitikisika chini ya jiwe.

"Hiki nini?"

"Kisiki."

"Tunaona. Cha nini?"

"Cha samaki."

Walitazamana. "Samaki gani anapikwa na kisiki?"

"Hawapikwi. Watajificha ndani yake. Ni hawa samaki wa marehemu, hawana kivuli."

"Aaa," alisema mwenyekiti, akaivuta ile aaa mpaka ikawa ndefu kama kamba ya kisimani.

Lazima nieleze jambo hapa kwa mtu asiyetujua. Kwetu, mwenye dawa ya mizizi haitaji. Ukimkuta anachemsha ukamuuliza, atakwambia ni ya kuku, au ni ya kupaka ukuta, au atacheka tu. Akikwambia waziwazi ni dawa ya nini, ujue ni tapeli. Kwa hiyo kadiri nilivyosema kweli, ndivyo nilivyofanana na mtu anayeficha jambo zito. Nami sijui kusema kitu kingine. Shuleni niliishia darasa la saba, na hata huko hawakunifundisha kudanganya.

"Usituogope, sisi ni wanawake wenzako," mwenyekiti alinong'ona. "Ni ya presha au ya miguu?"

"Ni ya samaki, mama."

"Mungu akubariki," alisema, akachota kikombe.

Nilimshika mkono. "Usinywe! Kisiki kimetoka korongoni. Ng'ombe wamepita hapo, wamekojoa hapo."

"Ndiyo maana ina nguvu," alisema mwenzake.

Mwenyekiti alikunywa, akafumba macho, akatulia kama anayesikiliza simu. Wakaondoka bila sufuria. "Endelea na kazi," walisema. "Jumuiya haina haraka nayo." Na jumuiya ile naijua, huwa inatuma watu kufuata hata kijiko.

Baada ya hapo uani kwangu hapakukauka miguu. Jirani alikuja na chupa ya soda, akasema mgongo wake ulikuwa umekaza tangu kampeni zilizopita. Bwana mmoja wa ofisini aliegesha gari mtaa wa pili ili lisionekane, akaja kwa miguu, viatu vyake vizuri vikinyeshewa vumbi, akaongea Kiingereza kwenye simu mpaka mlangoni halafu akapunguza sauti.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa kuna kitu natural."

"Marahaba. Ni kisiki cha samaki."

"Sawa, sawa. Kimepimwa?"

"Nilikipima kwa mikono, kinaingia tangini."

Alitikisa kichwa kwa heshima kubwa, akaandika kitu kwenye simu yake.

Mzee mmoja wa kanisa alihubiri Jumapili juu ya watu wanaoacha sala na kukimbilia mizizi. Alihubiri vizuri, alinigusa hata mimi ambaye sikukimbilia popote. Jumatatu alikuwa langoni na dumu la mafuta ya kula lililooshwa.

"Si kwa ajili yangu," alisema.

"Baba, ni maji ya kisiki tu. Nayamwaga."

"Najua. Nami nitayamwaga. Nyumbani."

Sikumpa mtu hata tone. Nilimwaga kila nilipobadilisha maji, mbele ya macho yao, nikidhani hilo litawatuliza. Lilizidisha. Walisema nayamwaga ili yasiibwe. Asubuhi moja nilikuta udongo chini ya mpapai umechimbwa na kubebwa, mpaka mizizi ya mpapai ikawa nje. Nilikasirika kwa sababu ya mpapai, haukuwa na kosa.

Kisiki kilipoanza kuzama chenyewe nilikiloweka kwenye pipa, nikageukia majani. Nilikwenda bwawani nikachuma yale majani laini yanayoelea, nikayaloweka kwenye beseni siku kadhaa ili kuona kuna nini ndani yake. Vilitoka vikonokono vidogo kama mbegu za ulezi, nikaviokota kimoja kimoja, maana sikutaka kuwaletea wagonjwa ugonjwa mwingine. Nikasuuza, nikayatia tangini. Samaki waliyala yote kabla jua halijazama. Hata yule mgonjwa aliinuka akala. Walikula kama wageni wa msibani, bila kuuliza kama wenye nyumba wamebaki na chochote.

Nilifurahi kwamba mgonjwa amekula, lakini kivuli hakikuwepo. Nikaenda mjini kwenye duka la samaki wa mapambo, nikaomba jani ambalo halina utamu. Nilipewa mche wenye majani mazito, magumu kama soli ya kandambili. Muuzaji alisema shina lake lisifukiwe, likifukiwa linaoza. Lifungwe juu ya mti mpaka mizizi yake ishike yenyewe. Nikarudi, nikakaa kibarazani nikiwa na kisiki magotini, nikaanza kufunga mche kwa uzi. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mweusi, niliobaki nao baada ya kupunguza mikono ya gauni la msiba.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mjane, kibarazani, anazungusha uzi mweusi kwenye mzizi uliochemshwa. Jirani wa mgongo aliniona juu ya ukuta, akashuka haraka. Kufikia jioni Nkuhungu walikuwa wamepata habari, na nadhani Mvumi walizipata kabla sijakata uzi kwa meno.

Siku ya kujengea kaburi ilifika. Mafundi walisakafia, tukaimba, tukarudi nyumbani kula. Kisha shemeji akasema, "Twende kwenye lile jambo," na ukoo ukaingia sebuleni. Kwa kawaida watu wetu hujaza viti vya mbele kwanza. Siku ile kila mtu alitaka kiti cha mlangoni.

Tangi lilikuwa zuri. Nasema hivyo ingawa kazi ni yangu. Kisiki kilisimama katikati, mizizi ikishuka kama pango, majani ya kijani yakiota juu yake. Maji bado yalikuwa na rangi kidogo, kama chai ya kwanza ya mgonjwa. Samaki mmoja alikuwa mbele akitafuta chakula. Yule aliyekuwa anaumwa alikuwa nyuma ya mzizi, mkia wake umeanza kufunga, ametulia.

Wifi alisimama mbali. "Wifi, mbona maji kama chai?"

"Ni rangi ya kisiki. Haiwadhuru."

"Na huo uzi?"

"Unashika majani."

"Mh," alisema.

Shemeji aliwaomba watoto watoke. Akavuta kiti, akaniketisha juu yake, jambo ambalo hakulifanya siku ya kikao cha kwanza. Aliongea kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko hukumu.

"Shemeji, wewe ni mtu wetu. Hatukukatazi. Lakini jambo kama hili ni mali ya ukoo. Hii dawa mdogo wangu alikuachia? Alikuonyesha mti?"

Nilitazama watu wote wale. Nilijua kwamba nikinyamaza tu, hakuna atakayegusa tangi lile maisha yake yote. Hata kutikisa kichwa kusingehitajika.

"Shemeji," nilisema, "kama ningekuwa na dawa, si angekuwa amekaa hapo ulipokaa wewe?"

Shemeji alikitazama kiti chake, akasogea kidogo pembeni kana kwamba anampisha mtu. Wifi alianza kulia. Hakulia kwa sauti ile ya msibani inayoanza kwa mtu mmoja na kupokelewa na wengine. Alilia peke yake, puani, kama mtoto aliyefinywa kanisani. Nami nikalia. Tangu mazishi watu walikuwa wakinihesabia machozi na kuyaona machache. Siku ile hawakuhesabu.

Baadaye shemeji alifuta uso kwa mkono wa koti la marehemu. "Samaki wako hai," alisema. "Neno ni neno. Tangi ni la shemeji."

"Na mimi nilichukue la nini?" alisema wifi, akipenga kamasi. "Nani Nkuhungu atakula andazi lililotoka humo?"

"Nitakuja kuwaambia wateja wako ukweli," nilimwambia. "Kwamba ni kisiki tu."

"Wifi, nakuomba. Usije. Kwa huo ukweli wako hata yaliyo kwenye beseni hayatanunuliwa."

Tukacheka, tukiwa bado na machozi. Mjomba alisema ameona msiba mwingi lakini hajaona wenye samaki. Walipoondoka, shemeji alichelewa makusudi akifunga kamba za viatu, akaniuliza polepole kama kumebaki chochote kwa ajili ya goti lake. Nikamwambia hakuna, na hakukuwa. Akanifinyia jicho.

Watu waliendelea kuja kwa muda. Kisha kisiki kikaacha kutoa rangi, maji ya tangi yakawa meupe, na habari ikatembea kwamba nguvu imekwisha. Mwenyekiti wa jumuiya akatuma watu kufuata sufuria. Yeye mwenyewe alikuja nyuma yao, akakaa, akanishika mkono, akasema pole kwa dawa yako, mama. Nilitaka kumweleza tena. Nikaona amevaa kanga ya msibani na ametoka mbali kwa miguu, nikamwitikia asante.

Wifi huja baadhi ya Jumapili baada ya ibada. Bwana afya alimkubalia sanduku la mbao lenye wavu, maandazi yanauzika. Huniletea machache, tunakaa mbele ya tangi, hatuongei sana. Juzi alisogeza kiti mpaka karibu na kioo, akainamisha shingo upande huu na upande ule.

"Namwona mmoja. Mwenzake yuko wapi?"

"Nyuma ya kisiki."

"Nigonge kioo atoke?"

"Usigonge."

Akarudisha mkono magotini. Tukala maandazi, tukimsubiri atoke akitaka mwenyewe.